Tanzia Si Taarifa Tu

Ndugu msomaji, ukisikia "tanzia", uwe Mbeya au Iringa, unajua tu kuna mtu kafariki. Kumbe neno lenyewe limetoka Kiarabu, taaziya, yaani kumfariji mfiwa! Kwetu likageuka taarifa ya kifo. Kisha wanafasihi wakaita tanzia mchezo unaoishia kwa huzuni.

Hebu mfikirie Mkwawa wa Uhehe. Alijiua Julai 1898. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi, kichwa Wajerumani wakaenda nacho kwao. Fuvu lililotajwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga. Miaka 56 watu walikuwa na taarifa. Faraja ndiyo iliyochelewa.

Basi wewe unayeandika tanzia, usiishie kututangazia kifo. Tupe na pole.