Bamvua, Saa Nne Asubuhi: Nani Alipanga Mtoto wa Darasa la Tano Ajue Nini?

Mwezi Machi nilirudi Songo Songo kwa harusi. Mpwa wangu alinipa shikamoo, akanipokea begi, na kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka akaniletea daftari. "Mjomba, mwalimu amesema tuna umahiri. Umahiri ni nini?"

Swali dogo, lakini lilinikalia kichwani harusi nzima. Mpwa wangu yuko darasa la tano. Ni mmoja wa watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024, mwezi ambao mtaala mpya ulianza kutumika, kwa hiyo yeye na wenzake ndio wanaofungua njia. Mimi nilimaliza la saba kisiwani hapo hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, na neno umahiri sikulisikia darasani hata siku moja. Nililisikia ufukweni, likisemwa juu ya nahodha anayeingiza chombo usiku katikati ya miamba bila kukwaruza.

Kwa msomaji ambaye hajafika: Songo Songo si Songo Mnara. Songo Mnara ndiyo yenye magofu, iko kusini ya Kilwa Kisiwani. Sisi tuko kaskazini zaidi, kisiwa kidogo ambacho ukiamka mapema unakimaliza kwa miguu, na tunajulikana kwa pweza na kwa gesi. Gesi nitairudia. Nianze na babu.

Babu yangu alikuwa na msemo ambao hata wewe umeusikia kwa wazee wako: "Darasa la nne la mkoloni, mjukuu wangu, ni sawa na fomu foo yenu." Alikuwa na haki ya kuringa. Aliandika mwandiko wa kulala uliopangika kama mawimbi ya matlai. Alisoma gazeti la Mambo Leo, lile la serikali lililoanza 1923, akayatunza matoleo yake kwenye sanduku la mbao. Na alituhadithia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili ya 1929 ya riwaya ya Stevenson, kana kwamba yule haramia wa mguu mmoja alikuwa jirani yake wa Kivinje. Mimi, mwanafunzi wa la sita, nilikuwa nasoma vibaya kuliko mzee wa la nne. Basi nikaamini kwamba viwango vimeshuka, na kwamba kosa ni letu.

Imenichukua miaka mingi kuona kilichokosekana katika msemo ule. Babu hakuwahi kusema waliobaki nje walikuwa wangapi.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya shule ya serikali, pwani hii ilikuwa na chuo, yaani chuo cha Kurani. Hicho nacho kilikuwa na mtaala, tena wenye hatua zinazoeleweka. Mtoto alianza na herufi, alifu kwa ujiti, akaingia kwenye kuunganisha, kisha Juzuu Amma, kisha msahafu mzima. Akiumaliza amekhitimu, na nyumbani kunapikwa. Neno kuhitimu tunalolitumia leo kwa vyuo vikuu lilitoka huko, kwenye khitma. Fimbo ilikuwepo, sitaki kupamba. Ila kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake. Kulikuwa na aliyewahi na aliyechelewa. Sikuwahi kusikia mtu amefeli chuo.

Wajerumani walileta jambo jingine. Shule yao ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na nyingine za pwani zilizofuata, zilisomesha kwa Kiswahili kwa sababu walihitaji makarani, wakalimani na maakida. Kiwango cha kumaliza kilikuwa hitaji la ofisi: ujue kuandika barua, kupiga hesabu, kutunza orodha ya kodi. Wilaya yetu ya Kilwa ilikijua kizazi hicho cha waliosoma kwa uchungu, maana baadhi yao ndio waliosimamia kodi na mashamba ya pamba. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, maakida walikuwa kati ya waliolengwa kwanza. Kusoma kulikuwa kumesimama upande wa boma.

Mwingereza alipanua, akapanga madaraja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kikapewa kipimo kimoja: kile cha Unguja ndicho kikawa sanifu. Vitabu vikachapwa, na kweli vilisomeka kutoka Lamu hadi Ujiji. Lakini Kimgao, lahaja ya pwani yetu, kikabaki nje ya daftari. Mtoto wa huku alianza masomo akiwa tayari na makosa mdomoni.

Ukafuata mpango wa miaka kumi wa 1947, na miaka ya 1950 zikaja shule za kati. Ngazi ilikuwa hivi: darasa la kwanza hadi la nne karibu na kijiji, halafu mtihani, halafu la tano hadi la nane kwa wachache. Huo mtihani wa la nne ndio siri ya msemo wa babu. Alivuka maji kwenda kusoma bara, akakaa kwa ndugu, na wengi wa rika lake kisiwani hawakuwahi kushika kalamu. Waliofika la nne walikuwa wamekwisha kupepetwa kama mchele kwenye ungo. Ukipepeta hivyo, hata leo, utakaobaki nao watakuwa na mwandiko mzuri. Na babu mwenyewe, pamoja na uhodari wote ule, mtihani wa kwenda la tano ulimwacha. Hilo alinisimulia mara moja tu, usiku, tena kwa mkato.

Kwa hiyo tulichokiita kiwango kilikuwa pia chujio. Kiwango kinauliza mtoto anajua nini, ili asaidiwe asichokijua. Chujio linauliza nani atoke. Karatasi ya mtihani inaweza kuwa ile ile moja.

Aliyeliona hilo mapema na akaliandika wazi ni Mwalimu Nyerere. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema elimu ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari kwa wachache watakaochaguliwa. Iwe elimu kamili kwa wengi ambao hawatakwenda kokote baada yake. Alitaka watoto waanze shule wakiwa wakubwa kidogo ili wamalize wakiwa na umri wa kufaa kazini, shule ziwe na mashamba, na mitihani ishushwe kutoka kiti cha enzi. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mwanafunzi wa la tano, la sita na la saba akasoma jiografia, sayansi na historia kwa lugha aliyoiota usingizini. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa katika elimu yetu, na huwa tunalipita haraka.

Halafu ukaja mwaka 1974. Novemba ya mwaka ule chama kilipitisha Azimio la Musoma: kila mtoto awe shuleni kufikia 1977, badala ya kungoja 1989 kama ilivyopangwa awali. Na mwaka huo huo wa 1974, chini ya kisiwa chetu, ikagunduliwa gesi asilia. Hazina mbili kwa mwaka mmoja! Ya kwanza ilifunguliwa mara moja, kwa kasi iliyoshangaza dunia. Mwishoni mwa muongo ule watoto zaidi ya milioni mbili walikuwa madarasani. Ya pili ilikaa miaka thelathini, hadi 2004, ndipo bomba likapeleka gesi Somanga Funga na hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuzungusha mitambo ya umeme.

Mimi ni mtoto wa hiyo hazina ya kwanza. Nilisomeshwa na walimu wa UPE, vijana waliotoka la saba na kujifunza ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Wengine walituzidi miaka sita tu. Nawashukuru, maana bila wao ningekuwa nje kama wale wa rika la babu. Lakini nisidanganye: tuliingia wengi, vitabu havikuongezeka kwa mwendo huo, na tulisoma Siasa, Sayansi Kimu na Maarifa kwa kuimba.

Kulikuwa na shamba la shule pia. Msomaji, Songo Songo ni kisiwa cha matumbawe. Ukichimba shubiri mbili unakutana na jiwe. Nasi tulilima mihogo, kwa sababu kujitegemea kulifika kikiwa na umbo la jembe, nchi nzima, bara na visiwani. Mihogo ilitoka myembamba kama vidole. Wakati huo huo, mbele ya shule, bahari ilikuwa imekupwa na bibi zetu wako mwambani wanachokoa pweza, shamba letu halisi, na hakuna aliyeliona kuwa ni somo. Fikra ya Mwalimu ilikuwa kwamba shule ifuate maisha ya mahali. Njiani, kutoka ofisi hadi ofisi, ikageuka agizo moja kwa wote.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Pwani yetu bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Si leo wala jana. Ndivyo mwezi na jua vilivyoipangia pwani hii. Siku za maji mafu, kupwa huangukia alfajiri na jioni, lakini bahari hairudi nyuma kiasi cha kuufunua mwamba. Maana yake siku nzuri za pweza, kila baada ya wiki mbili, zinaangukia katikati ya vipindi. Nikiwa la tano, siku hizo madawati yalipungua watu. Hasa wasichana. Hawakuwa watoro wa kuchezacheza. Walikuwa na mama zao, ndoo mkononi, na pesa ya pweza ndiyo iliyonunua madaftari. Rejista iliandika hayupo. Hakuna safu iliyoandika alikuwa wapi.

Sasa nirudi kwa umahiri wa mpwa wangu. Mwaka 1975 nchi iliunda Taasisi ya Elimu kwa sheria, na ndiyo inayoandika mitaala hadi leo. Mihutasari ya zamani ilipanga mada na malengo: mwanafunzi aweze kutaja, aweze kueleza. Mwaka 2005 ukaanza mwelekeo wa umahiri: asiishie kutaja, afanye. Mwaka 2016 masomo ya darasa la tatu hadi la saba yakaunganishwa upya, tukapata Sayansi na Teknolojia na Maarifa ya Jamii. Mtaala wa sasa umeyapanga tena: kuna Jiografia na Mazingira, kuna Sanaa na Michezo, kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Ukifungua muhtasari unakuta safu: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji. Nimezisoma, na kwa kweli nyingi ni nzuri. Zinamtaka mtoto achunguze mazingira yake, apime, achore, aeleze kwa nini.

Na kuna jambo zito zaidi. Sera imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mpwa wangu atamaliza la sita mwaka 2027, na hatarajiwi kukutana na lango lililomfungia babu. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoisimulia, kipimo cha mwisho wa shule ya msingi kinaweza kubaki kipimo tu. Lakini mwaka huo huo waliomtangulia watamaliza la saba kwa utaratibu wa zamani, na marika mawili yataelekea sekondari kwa pamoja. Madawati yakipungua, mwalimu akiwa mmoja kwa watoto wengi mno, chujio hurudi lenyewe bila kuitwa. Kizazi changu tulishaona nia njema ikipita kwenye mlango mwembamba.

Kwa hiyo sisemi turudi la nne la mkoloni. Ninachoomba ni kidogo: kile kisehemu cha muhtasari kinachosema "mazingira yake" kichukuliwe kama kilivyoandikwa. Mwalimu wa kisiwani apewe ruhusa, na muda, wa kuuhesabu mwamba kuwa darasa, na ratiba ijue mwezi uko siku ya ngapi.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi maji yalikupwa saa mbili na dakika ishirini. Nikamwambia mpwa wangu alete lile daftari. Bibi yake alikuwa ameshamfundisha kwamba maji huchelewa kila siku. Mimi nikamwongezea namba, kwamba ni kama dakika hamsini kwa wastani. Akapiga hesabu akiwa amelala kifudifudi mkekani, ulimi nje. Jumapili, saa tatu na kumi. Jumatatu, saa nne kamili.

"Hapo ndipo mwamba unatoka wote," akasema. Kisha akaangalia ratiba iliyobandikwa kwenye jalada la daftari. "Mjomba, Jumatatu saa nne tuna Hisabati."