Baada ya Mwaka wa Kwanza

Kijana anayeanza kunyanyua vyuma huona furaha ya haraka. Kila mwezi uzito humwongezekea, naye hudhani itakuwa hivyo daima. Kisha maendeleo husimama. Hapo wengi huacha, wala si kwa udhaifu wa mwili. Ni moyo uliochoka kungoja.

Mtazame Naim Süleymanoğlu, Mturuki wa Bulgaria aliyezaliwa mwaka 1967, kimo chake kama sentimita 147 tu. Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, alikwisha vunja rekodi ya dunia. Mwaka wa pili yake Bulgaria haikwenda Olimpiki, na mwaka 1985 serikali ikamnyang'anya jina lake la Kiislamu. Desemba 1986 alitoroka huko Melbourne akahamia Uturuki. Seoul, 1988, alinyanyua kilo 190, na mwili wake haukuzidi kilo 60!

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa mbele. Atlanta, 1996, alimshinda Valerios Leonidis wa Ugiriki kwa kilo mbili na nusu. Fikiri, msomaji: mchele wa karamu ndogo. Kwa mzoefu, miaka ya jasho huzaa kiasi hicho, pengine hata kidogo kuliko hicho, na lazima aridhike nacho, kesho arudi tena.

Sydney, 2000, alijaribu kilo 145, pungufu ya 152.5 alizonyanyua Seoul. Mara tatu alijaribu, mara tatu chuma kilimshinda. Alikuwa na miaka 33.