Hitilafu za kuangusha kiini katika mifumo ya mafaili ya Linux

Hitilafu ya kuangusha kiini (kernel) ni kosa katika msimbo wa mfumo wa mafaili, kama ext4, XFS au Btrfs, linaloweza kusimamisha kompyuta nzima. Programu ya kawaida ikianguka, kiini huifunga na kazi nyingine zikaendelea. Mfumo wa mafaili wa aina hii, hata hivyo, umo ndani ya kiini chenyewe, na ukikosea hakuna kilicho juu yake cha kuudhibiti.

Makosa mengi hutokana na kielekezi tupu, kumbukumbu iliyotumika baada ya kuachiliwa, au nyuzi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja. Lililo gumu zaidi ni kuamini namba iliyosomwa diskini. Diski huharibika, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza fleshi yenye vipimo vya uongo. Kiini kikivifuata bila kuvihakiki, kitasoma nje ya mipaka yake. Syzbot, mtambo wa majaribio wa Google, hufichua makosa hayo kwa kukilisha kiini taswira za diski zilizovurugwa makusudi.

Uchunguzi huanzia kwenye ripoti ambayo kiini huandika kinapoanguka, yenye mlolongo wa fanksheni zilizoitana. Lakini mahali kilipoangukia si lazima pawe ndipo kosa lilipozaliwa. Zana ya KASAN, iliyoingizwa katika Linux 4.0 mwaka 2015, hunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu yanapotokea. Nayo amri ya git bisect hugawa historia ya msimbo nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 10,000, majaribio kama 14 hutosha kulipata lililoleta kosa.

Kufuta tu mstari unaoangusha kiini ni hatari, kwani huenda ndio uliokuwa ukizuia data mbovu isiandikwe juu ya nzima. Tiba halisi ni kuihakiki namba mara inaposomwa, kurudisha ujumbe wa kosa, na kuachilia kila kufuli na kumbukumbu iliyokwisha kushikwa. Hatua hii ya mwisho husahaulika mno, na kiraka kikazaa hitilafu mpya. Kwa kufuata tiba hiyo, wasanidi huzibadilisha amri nyingi za BUG_ON, zinazoangusha kiini kwa makusudi, ziwe ujumbe wa kosa. Kwa ext4, msimamizi huchagua mwenyewe kwa mpangilio wa errors: kuendelea, kuufanya mfumo uwe wa kusomwa tu, au kusimamisha mashine.

Kwa kawaida kiraka kilichokubaliwa hutaja badiliko lililoleta kosa, kisha hupelekwa pia katika matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa.