Namba Unayopiga Haipatikani

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu na walionitumia ujumbe wakiuliza kama nimeacha kuandika, sijaacha. Nilikuwa Ipole. Kwa wale ambao ramani ya Bongo inaishia Morogoro, Ipole ni kijiji cha wilaya ya Sikonge, kusini ya Tabora mjini, pale ambapo barabara ya kwenda Mpanda na ile ya kwenda Rungwa hadi Mbeya zinaachana. Ni nchi ya miombo, nchi ya asali, na ndiko alikozaliwa babu yangu na ndiko tulikomzika.

Naomba nianze na msiba, historia itafuata, maana historia yenyewe nilianza kuifikiria nikiwa juu ya kichuguu.

Babu alifariki alfajiri ya Ijumaa. Kwake si kijijini hasa, ni ndani kidogo kuelekea mizinga yake, na huko simu inashika sehemu moja tu: juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya zizi, ukisimama na kuelekea kaskazini. Watoto wameshakata ngazi za udongo ubavuni. Mimi kama mjukuu mwenye simu kubwa na kazi ya gazeti nilipewa jukumu la kuwapigia ndugu. Wa Dar nikawapata, wa Mwanza nikawapata, hadi shangazi aliyeko Muscat nikampata na akalia nikimsikia kama yuko jikoni. Asiyepatikana alikuwa mmoja tu, kaka yangu, ambaye ndiye babu alimlea tangu ana miaka minne, na ndiye wazee wote walikuwa wanamuulizia.

Kaka anafanya biashara ya dagaa na mawese. Alhamisi mchana alikuwa amepanda boti ya mbao Kigoma, inakwenda kusini hadi Ikola, upande wa Katavi. Toka jioni ile simu yake ilikuwa inajibiwa na yule dada tunayemjua sote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Baba mdogo akawa anakuja chini ya kichuguu kila baada ya nusu saa. "Umempata?" Hapana, baba. Anarudi kwa wazee, anakuja tena.

Sasa fikiria hesabu ilivyo. Kijijini hakuna chumba cha kuhifadhi maiti, hospitali iko Sikonge, na hela ya gari la kwenda na kurudi ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya sanda na unga. Wazee wakasema tunazika Jumamosi saa nne asubuhi. Nikaomba wasogeze. Wakasogeza mpaka alasiri, kwa masharti kwamba nimpate mtu huyo.

Kwa nini mtu akipanda boti Ziwa Tanganyika anapotea hivyo, wakati shangazi wa Muscat anapatikana? Mawimbi ya simu ya mkononi yanasafiri kama mwanga wa tochi, kwa kunyooka. Mnara ukiwa kijijini umetazama kijiji, maana ndiko wateja waliko, hakuna anayelipia mafuta ya jenereta ili kuwafurahisha dagaa. Teknolojia ya GSM yenyewe kwa kawaida ina mpaka wa kilomita 35 toka kwenye mnara, hata kama mbele ni maji matupu na mawimbi yangeweza kufika. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Halafu kuna Mahale. Milima ile inapanda toka ufukweni hadi mita 2,462 kilele cha Nkungwe, na kijiji ni kimoja hapa kingine kule. Boti ikiingia nyuma ya ukuta ule imeingia. Na simu inapotafuta mtandao bila kuupata hutumia nguvu zake zote kutafuta, kwa hiyo hata ukija kutoka upande wa pili unatoka na betri imekufa.

Wakati nangoja kule juu nikakumbuka mfuko wa barua.

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za David Livingstone ulitiwa muhuri Zanzibar, na tarehe hiyo ikaandikwa juu yake pamoja na jina la Ujiji. Ukakabidhiwa msafara mdogo wa watu wasiozidi arobaini. Msafara huo ukavuka hadi Bagamoyo na ukakaa pale siku 100, upo kabisa upande wa pili wa maji, Zanzibar inaonekana ukiwa na macho mazuri. Mwaka uliofuata mzigo ukafika Unyanyembe, yaani Tabora yetu, na ukakwama tena. Aliyeubeba aliitwa Kaif Halek, jina ambalo kwa Kiarabu ni salamu, "hujambo?" Stanley alimkuta Kwihara na mfuko wake. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa: Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na Agosti 1871 aliuingia mji na kuuchoma. Stanley, mwandishi wa gazeti kama mimi (mshahara wake sizungumzii), akaamua kuzunguka. Septemba 20 akaondoka Kwihara kuelekea kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, yaani upande wetu huu wa miombo na asali, kisha akakata kaskazini magharibi kutafuta Malagarasi. Mfuko akaupeleka.

Kwa tarehe aliyoandika mwenyewe, walikutana Ujiji Novemba 10, 1871. Hesabu siku tangu muhuri wa Zanzibar: 374. Livingstone akaufungua, akatoa barua mbili tatu za watoto wake, akazisoma, kisha akataka asimuliwe habari za dunia. Mfereji wa Suez umefunguliwa, tangu 1869. Reli imeunganisha pande mbili za Marekani, 1869 hiyo hiyo. Grant ni rais. Ufaransa imepigwa na Prussia na mfalme wake hana kiti. Mzee yule hakuwa msituni tu, alikuwa kando ya ziwa lenye biashara, majahazi yanavuka kila siku na misafara ya pwani inaingia na kutoka. Watu wengi walipita, ila waliobeba taarifa zake walikuwa wamekaa Bagamoyo wanakula posho.

Hapa nataka tuwe wakweli. Tumezoea kusimuliwa kwamba bara lilikuwa kimya mpaka waya ulipokuja. Si kweli. Msafara ukikaribia mji ulipiga bunduki hewani, na kabla haujaweka mizigo chini kila mtu anajua nani amekuja na amebeba nini. Wapagazi wa Kinyamwezi walienda pwani na kurudi kwa maelfu, safari ya miezi mitatu hivi kwa kwenda, na habari ilitembea kwa mwendo wa miguu yao. Tatizo lilikuwa lile lile la kaka yangu: habari ilifika pale mtu anapofika. Ukiwa katikati ya njia, haupo.

Kisha waya ukaja, ila kwanza ulikuja chini ya bahari. Desemba 1879 kebo ya telegrafu ilifikishwa Zanzibar toka Aden, na Zanzibar ikawa inaongea na London kwa saa badala ya wiki. Bara ikasubiri. Wajerumani wakavuta waya kufuata njia ya misafara hadi Tabora, halafu reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ikaja pia ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, na naona hakuna jina zuri kuliko hilo, maana ndiyo ya kwanza iliyoweza kumfuata mtu akiwa majini. Dar es Salaam kulikuwa na mnara wake. Manowari ya Königsberg ilitoka bandarini humo Julai 31, 1914, na ikapata taarifa kuwa vita vimeanza ikiwa baharini, kwa upepo. Waingereza walijua walichokuwa wanakifanya: Agosti 8 meli yao ya Astraea ikaja kuupiga mnara huo mizinga. Königsberg ikabaki na redio isiyo na wa kumjibu karibu, ikaishia kujificha delta ya Rufiji hadi ilipoharibiwa Julai 1915.

Lakini kisa kilichonikaa moyoni ni cha ziwa letu. Mjerumani alikuwa na vimeli kadhaa Kigoma. Waingereza wakaburuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, toka Cape Town, kwa reli na kwa kukokotwa porini, mpaka upande wa Kongo. Kigoma hawakuwa na habari kamili. Desemba 26, 1915, kimeli kiitwacho Kingani kilienda kupeleleza upande ule, kikapigwa, nahodha wake akauawa, kikatekwa na kubadilishwa jina. Haikuchukua saa nzima. Wa Kigoma wakabaki wanangoja. Mtu ambaye angewaambia hakuwepo. Wiki zikapita, na hatimaye wakatuma kimeli cha pili, Hedwig von Wissmann, kwenda kuangalia kilichompata wa kwanza. Februari 9, 1916 nacho kikazamishwa, na kati ya waliokizamisha alikuwemo yule yule Kingani, sasa akiwa na jina la Fifi na bendera ya Mwingereza.

Nimesoma kisa hicho vitabuni mara kadhaa kama kichekesho cha vita, na hata mimi nilikuwa nikicheka. Juu ya kichuguu sikucheka. Nilikuwa nawaona tu wale watu wa Kigoma wakitoka kila asubuhi kuangalia maji.

Ile meli yao kubwa, Graf von Goetzen, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 waliizamisha wenyewe wasiiachie adui, baada ya kupaka mashine grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wengi wenu mnaijua. Laiti ingekuwa inatembea siku hiyo kaka angeipanda, lakini ilikuwa imesimama ikingoja matengenezo, na wasafiri wa kusini wakabaki na boti za mbao.

Duniani kwingine habari za majini zimeshabadilika mara nyingi. Baada ya Titanic, 1912, sheria zikawekwa redio isiachwe bila mtu, kwa sababu meli iliyokuwa karibu, Californian, mtu wake wa redio alikuwa amelala. Mwaka 1998 ikaja simu ya setilaiti ya Iridium, setilaiti 66 zinazunguka dunia nzima, na kampuni ikafilisika 1999 kabla hata watu hawajajua bei. Wazungu wenye boti za matanga wanaozunguka dunia na kupitia pwani yetu walikuwa wakituma barua pepe kwa redio ya masafa marefu, herufi zinajikokota kama konokono. Siku hizi wanafunga sahani ya Starlink juu ya paa na kutazama mpira katikati ya Bahari ya Hindi. Na ziwa letu? Lina nchi nne. Zambia iliiruhusu Starlink 2023, Burundi 2024, Kongo 2025. Sisi, ambao ndio wenye karibu nusu ya maji hayo, tulikuwa bado kwenye foleni wakati wenzetu wote watatu wameshaingia. Sisemi nahodha wa boti ya dagaa angenunua sahani. Sahani ni hela. Nasema tu kwamba hata angetaka, angetakiwa awe Mrundi.

Turudi msibani. Jumamosi saa tisa baba mdogo alikuja kwenye kichuguu mara ya mwisho, safari hii hakuuliza. Akasema, "Shuka, mwanangu." Nikashuka. Tulizika.

Kaka alipatikana Jumapili asubuhi. Upepo wa kusini ulikuwa umewashika, boti ikajibanza kwenye ghuba nyuma ya Mahale usiku mmoja na mchana kutwa, watu wakipika ugali ufukweni na wala hawana wasiwasi. Karibu na Ikola akachomeka simu kwenye betri ya boti na jumbe zikaanza kuingia zote kwa pamoja. Alizisoma kwa mpangilio zilivyoingia. Ya kwanza ilikuwa yangu ya Alhamisi usiku: babu amezidiwa kidogo, usiwe na wasiwasi. Ya mwisho ilikuwa ya shangazi: poleni, mmemsitiri vizuri. Akaniambia baadaye kuwa kwa kama dakika nne hivi babu alikuwa anaumwa tu.

Alifika Ipole Jumatatu usiku kwa basi la Mpanda, na debe la mawese alilokuwa amemnunulia. Alikaa kaburini muda mrefu. Kisha akaniuliza mlisubiri mpaka saa ngapi. Nikamwambia mpaka giza lilipoingia.

Ijumaa hii anarudi Kigoma, mzigo wake umebaki kwa mtu. Nimemwambia aniachie namba ya nahodha. Ameniachia. Nikamuuliza nahodha anatumia mtandao gani, akasema ule ule.