Giaboksi Chakavu kama Chanzo cha Historia: Landrova na Ufundi wa Magari katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Makala haya yanajadili ukaguzi na ufufuaji wa giaboksi chakavu ya Landrova kama chanzo cha historia ya ufundi katika ukanda wa Shinyanga na Geita. Historia ya ukanda huu imesimuliwa zaidi kupitia reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, almasi ya Mwadui iliyoanza kuchimbwa mwaka 1940, dhahabu ya Geita na pamba ya Usukumani. Fundi aliyeyawezesha magari kuendelea kutembea hutajwa kwa nadra, kwa kuwa kazi yake haikuacha nyaraka nyingi. Hoja ya makala ni kwamba giaboksi yenyewe ni waraka.

Usomaji wa waraka huo huanzia kwenye oili. Chembe za rangi ya shaba huashiria kulika kwa pete za sinkronaiza, ilhali vipande vinavyonaswa na sumaku huelekeza kwenye meno ya gia au beringi. Gia inayochomoka yenyewe gari linapoteremka mlima humfanya fundi akague foki, meno ya kushikia na ulegevu wa shafti kabla ya kuamua kifaa cha kubadilishwa.

Mahali pa uchakavu nako kuna maana. Landrova za matoleo ya awali, kuanzia mwaka 1948, kwa kawaida zilikuwa na sinkronaiza kwenye gia ya tatu na ya nne pekee. Toleo la tatu, la mwaka 1971, ndilo lililoiweka kwenye gia zote za mbele. Dereva wa gari la awali alilazimika kukanyaga klachi mara mbili aliposhusha gia. Katika udongo mweusi wa mbuga za Usukumani, unaonata wakati wa mvua, gia za chini ndizo zilizobeba mzigo. Meno yake yaliyomeguka hushuhudia barabara na mkono wa dereva kwa pamoja.

Ushahidi mwingine unahusu uchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera, Tanzania ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri viliadimika hadi masharti ya uagizaji yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Gari bovu likawa ghala la kuyahudumia mengine. Hata hivyo, ubunifu ulikuwa na mipaka: bushi iliweza kukerezwa na gasketi kukatwa kwa mkono, lakini jino la gia lililojazwa kwa kuchomelea hupoteza ugumu wa chuma chake, hivyo halidumu. Uhaba usigeuzwe kuwa sifa.

Wakusanyaji wa magari ya kale ya michezo, kama vile Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, huthamini vipuri vya asili. Kwa kipimo hicho, giaboksi iliyounganishwa kutokana na magari matatu imepoteza uhalisi. Kwa mwanahistoria, kila kipuri kigeni ni uamuzi uliofanywa na fundi katika mazingira mahususi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba vipuri vinavyoondolewa vipimwe, vipigwe picha na kuorodheshwa kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu. Vikishayeyushwa, ushahidi wa kazi ya mafundi hao hupotea navyo.