Bangi, morfini na maumivu yasiyoisha: mgonjwa wetu anaruhusiwa nini?

Swali hili linatoka zaidi upande wa Kabambare. Jamaa nyingi za huko zina watu wao waliokimbia vita tangu 1996, wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha wakapelekwa Marekani. Sasa mtoto anapiga simu: "Mama, daktari wa hapa amenikubalia bangi kwa ajili ya mgongo." Mama, ambaye mgongo wake umeumia kwa miaka ya kubeba mizigo, anamfuata mchungaji: na mimi je?

Kwa Kongo jibu ni fupi. Bangi imekatazwa tangu siku za wakoloni, na hakuna utaratibu wa mgonjwa kuomba kibali, si kwenye zoni ya afya, si Kindu, si Kinshasa. Anayekuuzia karatasi ya namna hiyo amekuibia. Lesotho iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na Rwanda ikafuata mwaka 2021, lakini ile ya Rwanda ni ya kuuzwa nje. Raia anayeivuta bado anavunja sheria.

Huko Marekani jimbo la kwanza lilikuwa California, mwaka 1996. Daktari haandiki bangi kama anavyoandika paracetamol. Anathibitisha tu kwamba mgonjwa ana ugonjwa uliomo katika orodha ya jimbo. Mgonjwa anajiandikisha, analipa, anapewa kadi, anakwenda kwenye duka lenye leseni. Lakini kadi hiyo ni ya jimbo, si ya serikali kuu. Mwezi wa nne 2019 idara ya uhamiaji iliandika wazi kwamba kutumia bangi kunaweza kumzuia mtu kupata uraia, hata pale jimbo linapoiruhusu. Hapo ndipo ninapowaogopea watoto wetu. Mwambieni aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Na je, inasaidia? Kwa baadhi ya watu wenye maumivu ya neva, kidogo. Inaleta pia kizunguzungu na usahaulifu, na kwa vijana inaweza kuharibu akili. Ile inayovutwa nyuma ya soko haina kipimo. Hakuna ajuaye nguvu yake.

Basi tuache bangi, tuseme juu ya dawa ambazo sheria haizikatazi na ambazo wagonjwa wetu hawaziombi. Mtu anayesikia mguu unawaka kama moto au kuchomwa sindano usiku, baada ya kisukari, risasi au mkanda wa jeshi, mara nyingi hapati nafuu kwa paracetamol. Kuna kidonge cha bei ndogo, amitriptyline, kinachotumika kwa maumivu ya namna hiyo; kinaanzwa kidogo, jioni, na kinahitaji wiki kadhaa. Muulizeni muganga. Diclofenac na ibuprofen zikimezwa miezi mfululizo zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Tramadol inayouzwa kama pipi inaweza kuleta kifafa na utumwa. Si dawa ya kujinunulia.

Kwa maumivu ya kansa, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa SS anayelia usiku kucha, iko morfini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye ngazi yake ya dawa za maumivu ya kansa mwaka 1986. Mapatano ya mwaka 1961, yaleyale yanayodhibiti bangi, yanakubali kwamba dawa za namna hii ni za lazima katika kuondoa maumivu. Jirani zetu wa Uganda wameonyesha njia: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya unga ikachanganywa na maji ili mgonjwa ainywe nyumbani, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa kwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Kwetu ni daktari wa hospitali kuu anayeiandika, na akiba inaweza kukosekana. Lakini isipoombwa, nani ataiagiza?

Nimesikia shemasi akimwambia mgonjwa kwamba Yesu alikataa divai yenye manemane msalabani, kwa hiyo mwamini avumilie. Marko 15 inaeleza kikombe alichokubali Bwana mwenyewe. Haituagizi kumnyima mwingine nafuu. Yule Msamaria alimimina mafuta na divai kwenye vidonda, hakumhubiria kwanza.

Mnapompeleka mgonjwa Kasongo au Kabambare, msiseme tu "anaumwa". Semeni maumivu yako wapi, yanawaka au yanakata, yalianza lini, yanamzuia kulala au la, na dawa zote alizomeza, hata zile za mitishamba na hata bangi. Muganga hawezi kumpa morfini salama mtu anayeficha alichokunywa jana. Akipewa, aombe na dawa ya kulainisha choo, maana morfini inafunga tumbo. Na chupa iwekwe mbali na watoto.