Nusukaputi, Koo na Njia ya Hewa

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi historia ya ufundi mmoja wa uganga inavyoweza kutuongoza katika kuchagua istilahi. Ufundi wenyewe ni kulinda njia ya hewa ya mgonjwa anayepasuliwa uvimbe wa kichwani au shingoni.

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha etha mgonjwa mwenye uvimbe shingoni, naye Dakta Warren akampasua. Tangu hapo dawa ya usingizi ilienea duniani. Lakini usingizi huo hulegeza misuli ya koo, na penye uvimbe mkubwa pumzi huweza kuzibwa kabisa. Ndiyo maana mwaka 1878, mjini Glasgow, William Macewen alimpitishia mgonjwa mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi mrija wa kupumulia kupitia mdomoni, angali macho. Ndipo akapewa klorofomu. Mpango huo ungali unafuatwa kwa wagonjwa wa namna hiyo: njia kwanza, usingizi baadaye. Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika Mashariki.

Sasa tuyapime maneno yetu. "Nusukaputi" limeundwa kwa "nusu" na "kaputi", neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika. Msikilizaji hufahamu nusu ya kufa. "Koo" nalo hubeba chakula na pumzi pamoja, ilhali mrija ukiingia kwenye umio, hewa huenda tumboni na mgonjwa huweza kufa.

Tumfikirie muuguzi anayemweleza mzee wa Kidodi, Wilaya ya Kilosa, aliyepewa barua ya rufani, kwa nini atatiwa mrija angali macho. Akitaja nusukaputi, mzee huenda akakataa kwa hofu. Akitaja koo, atadhani analishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "dawa ya usingizi" kwa usingizi kamili, "ganzi" kwa kufisha sehemu moja ya mwili, "njia ya hewa" kwa mapito ya pumzi, na "umio" kwa mapito ya chakula. Nusukaputi tusilifute, maana ni mali ya wananchi. Ila tusilitumie pale mgonjwa anapoombwa idhini yake.